Mizuka Waliompa Emil Mgongo

Miaka thelathini na minne Emil Hudacek hakuikanyaga Brannock Park, bustani ya michezo ya kulipia, na si kwa sababu ya umbali. Akisimama jikoni kwake kuosha kikombe, aliiona ng'ambo ya mto, na juu ya miti yote alikiona kilele cha Nyumbu. Nyumbu ilikuwa reli ya mbao ndefu kuliko mnara wa kanisa, iliyojengwa na watu ambao sasa wameshaoza: vigari vinavutwa na mnyororo hadi juu, kisha vinaachiwa, na abiria wanaporomoka wakimwita Mungu, hata wale wasiosali.

Emil alikuwa fundi wa Nyumbu kwa miaka kumi na tisa. Kila alfajiri alitembea juu ya reli ile na nyundo mkononi, akigonga bolti moja moja na kuisikiliza, kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Kule juu upepo hula maneno, kwa hiyo mafundi walikuwa na lugha yao. Pigo moja kwenye nguzo: simama, kuna kasoro. Mapigo mawili ya haraka na moja zito: shwari, achia. Maisha ya watoto wa mji mzima yalining'inia kwenye mapigo hayo, na katika miaka kumi na tisa hakuumia mtoto hata mmoja. Yaandikeni hayo mahali, maana kampuni haikuyaandika popote.

Kilichoandikwa ni mgomo wa mwaka 1989. Fundi mmoja aliteleza kule juu akavunjika nyonga, na wenzake wakaomba mikanda ya kujifungia. Mikanda tu. Kampuni ikajibu kwamba mikanda inachelewesha kazi. Wakagoma tangu Mei hadi Septemba, wakilinda lango usiku na mchana kando ya pipa la moto, mstari ambao mfanyakazi hakutakiwa auvuke, mpaka kampuni ikaleta watu kutoka mbali kwa mabasi yenye mapazia. Mgomo ukafa kama jiko lililonyimwa kuni. Siku ya mwisho wale waliobaki wakaapa mbele ya lango: hatutaingia humu tena, sisi wala wa kwetu. Wengi walisahau kiapo ilipofika Krismasi. Emil hakusahau. Watu wakamwita mkaidi. Na mkaidi, kama hamjui, ni jina ambalo matajiri humpa mtu mwenye kumbukumbu.

Sasa, mwezi Agosti wa mwaka huo wa thelathini na nne, mjukuu wake Josie alikuja kula kwake kama kila Jumapili. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na nusu ya miaka hiyo alilelewa katika jiko lile lile. Pierogi, maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi, zilikuwa bado zinatoa mvuke.

"Babu, nimepata kazi ya msimu. Ya Halowini, ile sikukuu ya vitisho ya Oktoba. Nitakuwa mzuka, nitatisha watu."

"Wapi?"

Alijua wapi. Katika bonde lile mahali pa kutishia watu kwa mshahara palikuwa pamoja tu.

"Brannock."

Emil hakupandisha sauti. Alikunja ngumi akapiga meza mara moja. Josie alikuwa ameijua lugha ile kabla ya kujua kusoma. Alipokuwa mdogo, yeye na babu walikuwa wakigongeana chini ya meza wakati bibi yake, marehemu Agnes, akirefusha sala. Pigo moja. Simama.

"Babu, mgomo umekwisha. Mimi sikuwa hata nimezaliwa."

"Maziwa ndiyo yana tarehe ya kuharibika. Mstari wa mgomo hauna."

"Basi nile mstari?"

"Afadhali ulale njaa kuliko kuwauzia mgongo wako wale wanyonyaji."

Josie aliweka uma chini, akachukua koti, akatoka. Pierogi zake sita zilipoa kwenye sahani, na Emil hakuwa na moyo wa kuzitupa mpaka Jumatano. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Siku yake ya kuzaliwa Josie alipata kadi kutoka kwa babu, na ndani hakukuwa na neno ila jina: Emil Hudacek, kama saini ya mkataba.

Ingebaki hivyo kama si Millie. Millie alikuwa dada yake Emil, mdogo wake kwa miaka minne, mjane, mfupi, mwenye sauti inayofungua milango. Jumamosi ya mwisho ya Oktoba aliingia jikoni bila kubisha.

"Vaa koti. Tunakwenda Brannock."

"Umelewa?"

"Bado. Josie anaondoka Jumatatu asubuhi. Anakwenda mji wa Toledo kujifunza kuchomelea vyuma, miaka minne. Leo ndiyo siku yake ya mwisho pale. Amenipigia mimi simu kuniaga, kaka. Mimi. Nilimuuliza, na babu yako? Akasema, babu alishagonga."

Emil alitazama ng'ambo ya mto.

"Anajifunza kuchomelea?" aliuliza. "Chama cha wafanyakazi kina shule kule Toledo."

"Ni shule hiyo hiyo ya chama! Alikuwa anatafuta nauli na kodi ya chumba, ndiyo maana akawa mzuka. Ungejua, kama ungekuwa unauliza badala ya kugonga meza kama hakimu. Wewe uliuoa ule mgomo. Hata Agnes hukumlilia namna hiyo."

"Muache Agnes."

"Namwacha. Lakini yule mtoto ataondoka na lile pigo lako moja masikioni, na wewe una miaka sabini na sita na vyuma viwili ndani ya moyo. Hesabu mwenyewe."

Emil alisimama akatafuta bakora yake.

Langoni, pale hasa palipokuwa na pipa lao la moto, kampuni ilikuwa imesimamisha boga la plastiki ukubwa wa gari, lenye meno, linacheka lenyewe kila baada ya dakika. Emil alilitazama kwa chuki safi. Mstari uleule, lami ileile. Na ng'ambo ya lami, mjukuu wake. Alivuka. Ardhi haikupasuka, jambo ambalo lilimuudhi kidogo.

Mlinzi, kijana wa kike mwenye tochi, alimsimamisha.

"Baba, kisu hakiruhusiwi."

"Hiki? Hiki ni cha kumenyea tufaha. Kina umri mkubwa kuliko mama yako."

"Mama yangu naye hatumruhusu kuingia na kisu. Utakichukua ukitoka."

Wakiwa bado wanabishana, Millie alisogea kwenye kibanda cha pembeni. Pale walikuwa wakitoa mikufu yenye kitaa cha buluu kwa wale wasiotaka kutishwa: wajawazito, watoto, wagonjwa wa moyo. Sheria ya mizuka wote wa Brannock ilikuwa moja: ukiona taa ya buluu, usimsogelee mwenye nayo, usimtazame, mgeuzie mgongo uende kwa mwingine. Millie alijua pia kwamba akimwambia kaka yake hivyo, ataivunja taa kwa kisigino. Kwa hiyo alirudi akamvisha shingoni kama anayemfunga mtoto skafu.

"Ya nini hii?"

"Nisikupoteze gizani."

"Mimi si ng'ombe wa kuvalishwa kengele."

"Ng'ombe anasikia akiambiwa. Twende."

Ndani, mashine zilikuwa zikitema ukungu na njia zote zilikuwa na makaburi ya plastiki. Emil aliyapita akinung'unika. Watu waliovunjika viungo kwa ajili ya kampuni hii hawakupata hata jiwe, na hapa kuna makaburi mia ya watu ambao hawakuwahi kufa. Karakana yao ya zamani, walimopigia kura ya kugoma, ilikuwa sasa imepakwa damu ya rangi na kuandikwa mlangoni "Machinjioni". Hakupinga jina.

Kutoka mlangoni humo alitokea mchinjaji mwenye msumeno wa injini unaonguruma, usio na meno. Wasichana wanne waliokuwa mbele walipiga mayowe wakarukiana mabegani. Mchinjaji alimfikia Emil, akauinua msumeno, akaona. Akaushusha. Akageuka, akampa mgongo, akaondoka.

Emil alishukuru kimoyomoyo. Hakuja kwa ajili ya wachinjaji. Lakini hatua ishirini mbele mchawi mwenye chunusi kama zabibu alifanya vilevile. Kisha bibi harusi aliyeoza nusu ya uso. Kisha mapacha wawili wenye vichwa vya mbuzi: waliwarukia watu kushoto, wakawarukia watu kulia, na walipomfikia yeye waligeuka kwa pamoja kama milango miwili inayofungwa.

Hapo ndipo baridi ilipomwingia Emil, maana hilo alilijua. Hakuna mtu wa bonde lile asiyelijua.

Katika mji wao mvunja mgomo hakutukanwa wala hakupigwa. Alipewa mgongo. Akiingia dukani, watu waligeukia rafu za makopo. Akiketi kanisani, benchi lilimwachia nafasi. Kimya, bila kosa ambalo polisi wangeliandika. Na katika kutoa mgongo hakuna aliyempita Emil Hudacek. Chet Bialek alikuwa mwenzake wa kutembea juu ya reli, rafiki tangu utoto, msimamizi wa harusi yake. Mwezi wa tatu wa mgomo, mtoto wa Chet alilazwa hospitali, na Chet akavuka lango akarudi kazini. Emil alimpa mgongo siku hiyo, na mwaka uliofuata, na miaka kumi na saba yote, mpaka Chet akazikwa na Emil akabaki nyumbani kwake akipaka rangi ua ambao haukuhitaji rangi.

Sasa zamu yake. Amevuka mstari alioapa kutouvuka, na kabla hajafika hata kwenye kona ya kwanza, vijana wa mji wameshajua. Wajukuu wa wagomaji hawa, bila shaka. Au Josie amewaambia: akija mzee mwenye bakora, huyo ndiye aliyeitukana kazi yetu. Vyovyote iwavyo, hakuona uonevu. Aliona haki inatendeka, na haki ilikuwa inauma kuliko alivyokumbuka alipokuwa anaitoa yeye.

"Kumbe ndivyo, Chet," alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe mtu unatamani hata tusi."

"Unasema na nani?" Millie aliuliza.

"Hakuna. Kanunue chipsi."

"Kaa hapa hapa basi."

Hakukaa. Alitembea mpaka chini ya Nyumbu, kwa kuwa miguu yake ilikuwa haijui njia nyingine. Mnyororo ulikuwa unakokota vigari juu, tak, tak, tak, na sauti ile ilimpanda kwenye nyonga. Ndipo akasikia chuma kikiburuzwa kwenye lami. Watu walipiga kelele wakapasuka njia mbili, na katikati yao ukaja mzuka umepiga magoti, umevaa vikinga magoti vya chuma na glavu zenye vidole vya chuma, unateleza kama kitu kilichotupwa, cheche zinaruka pande zote. Uso mweupe, mdomo umeshonwa kwa uzi mweusi uliochorwa. Hata hivyo bega la kushoto lilikuwa limeinama kidogo, kama la Agnes, kama la mama yake Agnes kabla yake.

Josie alisimama hatua mbili kutoka kwake. Macho yaliyokuwa ya mzuka yakawa ya Josie, makubwa, mawili, ya miaka mitano. Aliutazama uso wa babu. Akaitazama taa. Kisha, taratibu kuliko wenzake wote, akageuka akampa mgongo.

Mgongo ule ulikaa pale kidogo, unapanda na kushuka kwa pumzi. Kisha ukaingia kwenye ukungu.

Millie alimkuta kwenye benchi, bakora imelala chini, uso kama nguo iliyokamuliwa.

"Emil! Ni moyo?"

"Nirudishe nyumbani."

"Unaumwa wapi? Sema!"

"Wamenipa mgongo, Millie. Wote, tangu langoni. Na Josie." Alielekeza kidevu kwenye ukungu. "Josie naye amenipa. Amefanya sawasawa, nilimfundisha mwenyewe. Twende zetu."

Millie alimtazama yeye, akaitazama taa ya buluu inayong'aa kifuani pake, akamtazama tena. Kicheko kilianza tumboni. Alijaribu kukizuia kwa mkono wenye chipsi. Siki ya chipsi ikamwingia puani, akapiga chafya, chipsi zikamwagika miguuni kwa wote wawili, na bado alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anampigapiga kaka yake begani.

"Unacheka nini, mwanamke? Nimeaibika hapa!"

"Taa," alisema Millie. "Taa, mpumbavu wewe. Ni taa ya wagonjwa wa moyo! Wakiiona hawaruhusiwi kukugusa wala kukutazama. Nilikudanganya. Hata ungekuwa Papa mwenyewe wangekugeuzia mgongo!"

Emil aliishika ile taa akaigeuza kama anayekagua bolti iliyomsaliti.

"Kwa hiyo hawajui mimi ni nani?"

"Nani akujue? Mgomo wako wanausikia kama sisi tulivyosikia habari za Nuhu."

Mtu mwingine angefurahi. Emil alikasirika kwanza, ndiyo desturi yake. Alimwambia dada yake maneno matatu ya Kislovakia ambayo mama yao aliwakataza. Kisha aliivua taa, akaivisha shingo ya Millie, akaokota bakora.

"Moyo wako, Emil! Nilimwahidi daktari!"

"Daktari hakuniona miezi hii mitatu. Huo moyo ulikuwa umesimama."

Akarudi njiani bila taa, na Brannock nzima ikamjia. Mchawi mwenye chunusi alimkoromea sikioni kwamba atazichemsha figo zake. "Asante, mama," alisema Emil. Mapacha wa mbuzi walimzunguka wakilia meee, na yeye aliwavulia kofia yake kwa heshima. Mchinjaji alimwungurumishia msumeno mpaka vifundo vya miguu, naye alicheka kama mtu aliyesalimiwa kwa jina baada ya miaka mingi. Nyuma yake Millie alitembea na taa ya buluu, na mizuka wote walimgeuzia mgongo, akaanza kunung'unika kwamba hata yeye amelipa kiingilio.

Chini ya Nyumbu Emil alisimama kando ya nguzo ya kwanza, akangoja. Aliusikia ule mburuzo ukija kutoka upande wa kulia, akajiandaa. Ulikuja kutoka kushoto. Cheche, uso mweupe, ukelele mmoja wa jehanamu puani pake.

"Yesu na Maria!" alilia Emil, akaruka kwa namna ambayo hakuruka tangu ujana wake, akadaka nguzo.

Mzuka ulikuwa umesimama kwenye ncha ya kiatu chake. Pembeni alikuwapo msimamizi mwenye redio ya mkononi. Mzuka akisema kibinadamu hurudishwa nyumbani saa ile ile, na mshahara wa siku unakwenda. Hilo Millie alikuwa amemwambia njiani, na Emil alikuwa amelitukana, na sasa alilishika. Hatamharibia mtoto siku yake ya mwisho. Alitaka kusema nimekosea. Alitaka kusema pierogi zako zilipoa, na Toledo kuna baridi, na usikubali kupanda popote bila mkanda, hata wakikuita mwoga. Hakusema. Aliinua bakora akagonga nguzo ya Nyumbu.

Mawili ya haraka. Moja zito. Shwari, achia.

Juu yao vigari vilikuwa vinamalizia mlima. Josie alibaki kwenye magoti yake, kichwa kimeinama. Msimamizi alitupa jicho, akaona mzee anajishikilia kwenye nguzo na mzuka unamnyemelea, kazi nzuri, akageukia kwingine. Vidole vya chuma vikashuka kwenye lami.

Mawili. Moja.

Kisha mdomo ulioshonwa ukapinda upande, uzi uliochorwa ukakatika katikati, na mzuka ukageuka na kuteleza kuelekea familia moja iliyokuwa inakula kwa amani. Mayowe yao yalisikika vizuri sana. Emil alisikiliza mpaka yakaisha.

Wakielekea langoni, Millie alimshika mkono.

"Kesho baada ya misa," alisema Emil, "tupite kwa Chet."

"Makaburini?"

"Ana kaburi lingine?"

"Miaka kumi na saba hujaenda, kaka."

"Alikosea. Mstari ni mstari, na nitamwambia hivyo hivyo." Alitembea kidogo. "Lakini mtoto wake alikuwa mgonjwa. Ningeweza kumuuliza anaendeleaje. Kuuliza si kuvuka."

Boga la plastiki liliwacheka walipopita. Yule mlinzi wa langoni alitoa kisu kwenye droo akamrudishia.

"Karibu tena, baba. Ilikuwaje, ulitishika?"

Emil alikitia kisu mfukoni, akajinyoosha juu ya bakora yake.

"Mjukuu wangu nusura aniue," alisema, na alilisema tena kwa sauti zaidi, ili watu wa foleni nao wasikie.